Dhahabu Hatua Moja Mbele

Jumapili, 8 Januari 1978

Nimemshinda Mwalimu Igarashi. Mimi! Miaka tisa ananifundisha shogi, sataranji yetu ya Kijapani, miaka tisa nainamisha kichwa na kusema "nimeshindwa", leo kasema yeye. Kainama vizuri kabisa, bila kinyongo.

Na nimemshinda kwa mchezo wangu, si kwa mchezo alionifundisha. Farasi kaondoka hatua ya tatu, kabla sijajenga chochote, mfalme wangu kakaa wazi bila ukuta. Chama chetu kizima cha shogi kinanicheka kwa ufunguzi huo. Kuwashima wa posta ndiye aliyenibandika jina la Mama Farasi. Hunipita nyuma mezani na kusema, "Mama Farasi, mfalme wako atapata mafua huko nje." Leo kanyamaza.

Ningekuwa na akili ningefunga daftari hapa.

Tulipomaliza tukafumua, kama ada. Kete zote zikarudi mwanzo, tukaanza kuupitia mchezo hatua kwa hatua, kila mmoja akisema alichokiona na alichokiogopa. Kwenye kufumua hakuna mshindani. Mwalimu mwenyewe aliniambia hivyo siku ya kwanza: tukicheza nifiche kila kitu, tukifumua nisimfiche mtu kitu. Basi tukafika hatua ya tisa. Akakuna kidevu. Akauliza polepole, je, kama hapa angepandisha dhahabu, ile kete ya kumlinda mfalme, hatua moja tu mbele?

Nilikuwa nimeiona ile dhahabu. Niliiona tukiwa tunacheza, nikawa naomba moyoni asiione. Dhahabu ikipanda, farasi wangu hana pa kutua, na farasi wetu hawarudi nyuma. Askari anakuja anamla taratibu. Ufunguzi wangu wote umekwisha, miaka mitatu ya kuutengeneza.

Nikasema, "Hapana, Mwalimu. Hapo ningedondosha pembe huku nyuma." Nikaichukua pembe, maana kwetu kete uliyoiteka hurudi ubaoni ikiwa yako, nikaiweka, nikasogeza hiki na kile harakaharaka — ukija hapa naja hapa, mfalme wako kabanwa. Mkono ulikuwa mwepesi kama wa mchuuzi anayepunja maharage. Kisha nikarudisha kete, nikaendelea na hatua ya kumi.

"Ahaa," akasema. "Kumbe." Akaandika kwenye daftari lake.

Hilo tu. Limetoka lenyewe, sikulipanga.

Jumatatu, 9 Januari

Asubuhi. Wali uko jikoni. Nimepanga ubao na kuujaribu uongo wangu, labda ni kweli. Labda nilisema kweli bila kujua.

Si kweli. Pembe ikidondoshwa pale, kete yake ya fedha inageuka na kuila. Nimejaribu mara saba, upande wangu na upande wake. Kila mara farasi kafa.

Mama mkwe kapita na birika, akauliza nashindana na nani saa hizi. Nikasema na nafsi yangu. Akauliza nani anashinda.

Alhamisi, 12 Januari

Aibu ya kazini. Muuza jumla kanirudishia seti nzima ya kete. Dhahabu sita, fedha mbili! Miaka ishirini naandika kete kwa brashi, mkono unajua wenyewe: dhahabu nne, fedha nne, farasi wanne. Mji mzima unakula kwa kazi hii na hakuna mwendawazimu aliyewahi kuandika dhahabu sita. Mke wa muuza jumla kacheka, akasema labda nawaza mume. Eizo yuko Tokyo kwenye ujenzi tangu Novemba, atarudi theluji ikiyeyuka. Nikamwachia aamini hivyo. Siwazi mume hata kidogo, Mungu anisamehe.

Nawaza hesabu hii: tuko kumi na wawili kwenye ligi ya chama. Wawili wa juu wanakutana Machi. Mmoja anakwenda Yamagata kwenye mashindano ya mkoa kuuwakilisha mji wetu. Hajawahi kwenda mwanamke. Nikicheza mchezo wa kawaida, wa kujenga ukuta kwanza, mimi ni wa saba au wa nane, hiyo naijua. Bila farasi wangu mimi si kitu.

Ndiyo maana. Nimeandika sasa. Ndiyo maana.

Jumapili, 22 Januari

Nimemshinda Kuwashima. Sijafurahi.

Tulipofumua, tukafika palepale, hatua ya tisa. Kuwashima akajipiga paja. Akasema, unajua, hapa nilitaka kupandisha dhahabu, moyo wote uliniambia panda dhahabu. Lakini wiki iliyopita Mwalimu alimwambia haifai. "Mutsuko mwenyewe kanionyesha," ndivyo alivyomwambia, akinitaja mimi. Kuna pembe inadondoka nyuma.

Mwalimu alikuwa amesimama kando na kikombe cha chai. Akaitikia kwa kichwa, akaeleza ile pembe, neno kwa neno nilivyoieleza mimi. Kaieleza vizuri kuliko mimi! Watu wanne wamesimama wanamsikiliza. Hakuna aliyejaribu kuweka fedha kwenye ile nafasi. Kwa nini wajaribu? Limesemwa kwenye kufumua, na aliyelisema ni mwenye mchezo, na anayelirudia ni Mwalimu.

Ilitosha kusema, "Hebu ngoja, nadhani nilikosea." Maneno manne matano. Mtu hukosea, hakuna ambaye angenilaumu. Nikanywa chai.

Kuwashima kasema, "Mama Farasi, nakuvulia kofia." Na kweli kaivua, ile ya posta.

Jumatatu, 23 Januari

Kuwashima angeshinda. Angekuwa wa pili sasa hivi badala yangu. Basi.

Ijumaa, 3 Februari

Siku ya kurusha maharage. Mama mkwe ana miaka sabini na minane lakini mkono wake una shabaha. Kazunguka vyumba vyote akipaza sauti, mashetani nje, heri ndani, akifungua madirisha baridi yote inaingia. Alipofika kwangu nilikuwa nimeinama kwenye kete. Kanirushia konzi nzima ya maharage shingoni.

Nikamuuliza, mama, mimi ndiye shetani?

Akasema, "Sijui. Huli, huzungumzi, ukiwa mbele ya ubao unaguna. Nimeona nikujaribie."

Nilicheka. Nikaenda kuokota maharage chini, na kule chini ya meza machozi yakanitoka, sijui ya nini. Sijaua mtu. Ni mchezo wa vibao. Najiambia hivyo kila siku na bado.

Jumatano, 15 Februari

Nimekwenda dukani kwa Mwalimu kumwambia. Nimebeba figili za kuchachusha, ili nisiende mikono mitupu. Njiani nimeyapanga maneno: Mwalimu, ile dhahabu inafaa. Nilikudanganya. Sentensi mbili.

Duka la baiskeli limekuwa tupu. Matairi yamekwisha ukutani, imebaki misumari. Kumbe anafunga. Mwanawe kamwita Sendai, wamempatia chumba, anahama Aprili. Ananiambia hayo huku anasugua mnyororo kama habari ya mtu mwingine.

Nikasema, na chama je?

Akasema ndiyo maana mwaka huu anakaza. Amekuwa wa pili mara sita. Mara sita! Nilijua amewahi kuwa wa pili, sikujua ni mara sita. Mara zote anamwona mwingine akipanda treni ya Yamagata na bendera ya chama, yeye anampungia mkono kituoni. "Mara hii," akasema, "ningependa nipungiwe mimi." Akacheka, akaona haya, akainama kwenye mnyororo tena.

Halafu akafungua daftari lake anionyeshe. Ameuandika mchezo wetu wote wa Januari, na chini yake kurasa kumi na moja za majaribio. Anatafuta dawa ya farasi wangu. Dhahabu kaikata kwa mstari mwekundu, pembeni kaandika: haifai, kwa maelezo ya Mutsuko. Kurasa zote kumi na moja zinapita njia nyingine, ya kusukuma askari. Mwezi mzima wa kazi. Yote inaanzia kwenye ule mstari mwekundu.

Nikafungua mdomo. Kweli nilifungua.

Akanitangulia. Akasema kuna jambo alitaka kuniambia siku nyingi: watu wengi wakishinda hufunga midomo, hata kwenye kufumua wanakuachia makombo. "Wewe ulinionyesha mpaka siri ya mchezo wako. Mimi nisingeweza, nakwambia kweli."

Baada ya hapo ungesema nini? Nimemwachia figili. Nimerudi kwa miguu, na baiskeli yangu nimeisahau kwake.

Alhamisi, 16 Februari

Kaileta baiskeli mwenyewe. Kaitia mafuta, na breki kazikaza. Mama mkwe kapokea, mimi nimejificha jikoni kama mdaiwa.

Mama mkwe kauliza, yule mzee kakukosea nini? Nikasema hajanikosea. Akasema, basi ni wewe. Akaenda zake.

Jumapili, 26 Februari

Ligi imekwisha. Wa kwanza Igarashi, wa pili Yahagi Mutsuko. Wa tatu Kuwashima, kwa tofauti ya mchezo mmoja, na mchezo wenyewe naujua. Jumapili ijayo tunacheza sisi wawili, aendaye Yamagata apatikane.

Wamepiga makofi. Mwanamke wa kwanza kufika hapo tangu chama kianze. Mke wa mwenye duka la tambi, chini ya chama, kapanda ngazi kunishika mikono, akaniambia nimpige yule mzee nimwangushe. Mwalimu kasikia, kacheka mpaka kakohoa.

Nimeamua. Sitacheza farasi. Nitajenga ukuta kama watu wote, nitapigwa kihalali, yeye apande treni. Nikiamua hivyo sina haja hata ya kumwambia. Uongo utakufa wenyewe.

Jumanne, 28 Februari

Mtu mjanja mimi. Nimeisoma tena niliyoiandika Jumapili. "Sina haja hata ya kumwambia."

Mwalimu angejua kwa hatua ya tatu kwamba simchezei kwa nguvu zangu. Ameandaa kurasa kumi na moja kwa ajili ya farasi, mimi nimletee ukuta wa mwanafunzi? Angedhani namhurumia kwa kuwa anahama. Angekwenda Yamagata na zawadi, si na ushindi. Na mzee yule zawadi ya namna hiyo hawezi kuimeza.

Kwa hiyo lazima nimwambie. Kabla ya mchezo. Akijua dhahabu inafaa, nitacheza farasi wangu, naye atapandisha dhahabu, nitapambana hivyohivyo bila farasi. Nitashindwa kwa haki. Au sitashindwa.

Jumamosi, 4 Machi

Barua. Nimeiandika mara nne. Ya kwanza ndefu mno, nimejitetea kurasa tatu. Ya pili nimejilaani mpaka inachefua. Ya tatu nimechora ubao, na fedha ikila pembe, bila maelezo. Ya nne mistari miwili.

Nilikuwa navaa buti nimpelekee. Mama mkwe kaniuliza nakwenda wapi na theluji hii. Nikamwambia yote, nimesimama pale mlangoni, buti moja mguuni. Ni mtu wa kwanza kumwambia.

Alisikiliza. Akasema hajui kitu cha huo mchezo wetu, ila anajua hili: barua ni ya mtu anayeogopa uso wa mwenzake. Nimwambie kwa mdomo.

Ni kweli. Nimevua buti. Kesho chama kinafunguliwa saa tatu, mchezo unaanza saa nne. Yeye hufika mapema siku zote kuwasha jiko. Nina saa nzima.

Nimeichana barua. Sasa naandika haya na nafsi imetulia kidogo, kwa mara ya kwanza mwaka huu.

Jumapili, 5 Machi

Saa sita na dakika ishirini. Nimekaa kwenye ngazi, kati ya chama juu na duka la tambi chini. Mapumziko ya chakula. Nina dakika arobaini.

Sikumwambia.

Nilifika saa tatu kasoro. Jiko lilikuwa limeshawashwa, lakini si na yeye peke yake. Chama kizima kimekuja! Wanamuaga. Wamemletea fremu yenye picha ya wanachama wote, mwenyekiti kasoma hotuba, mzee mmoja kalia. Nilimvuta Mwalimu mkono wa shati, nikasema nina neno na wewe, mara moja tu, pale ukumbini. Akasema, ndiyo, ndiyo, Mutsuko — na Kuwashima akatuita tukae, saa imefika. Mwalimu akanigusa bega. "Utaniambia tukimaliza."

Ningeweza kusema mbele ya wote. Najua. Watu kumi wako pale, naye kashika ile fremu kifuani. Sikuweza.

Nikajiambia basi, nacheza ukuta. Potelea mbali zawadi, potelea mbali kumeza. Hatua ya kwanza, hatua ya pili. Hatua ya tatu mkono ukaenda kwa farasi. Siwezi kuusingizia mkono. Nilimwona Mwalimu jinsi alivyosogea mbele kwenye mto wake, akimsubiri yule farasi, na daftari lake la kurasa kumi na moja kalifunga kitambaa kaliweka pembeni kama mtu aliyekuja na chakula chake. Nikaona nikimnyima farasi namtukana. Hivyo ndivyo nilivyoona dakika ile. Sasa sijui.

Tukafika palepale. Nafasi ileile, hatua ya tisa.

Kafikiri dakika thelathini na nane. Kuwashima ndiye mwenye saa, kasema hivyo. Nilikuwa naangalia mkono wake wa kulia tu. Ukanyanyuka. Ukaenda kwenye dhahabu. Kidole cha kati na cha shahada, vyote viwili juu yake, havijagusa, umebaki unywele mmoja tu. Nikasema moyoni, panda. Naapa nilisema panda. Nilisema kwa nguvu zote, nikadhani watu watasikia.

Akaurudisha mkono. Akanitazama na kutabasamu kidogo, tabasamu la mtu aliyekaribia kusahau jambo akakumbuka. Akasukuma askari.

Kuwashima akasema chakula.

Hatua ni yangu. Na naijua, niliiandaa tangu Januari. Farasi anaruka anatua nyuma ya ukuta wake, anageuka dhahabu kwa kuwa kaingia eneo la adui, hatua kumi na tano mchezo umekwisha. Kurasa zake kumi na moja hazikuliona hilo. Nilizisoma pale dukani, hazikuliona.

Nikimwambia sasa, namwambia mchezaji habari za ubao mchezo ukiwa haujaisha. Hilo ni kosa kwa sheria, tunafutwa wote wawili, na Yamagata anakwenda Kuwashima. Hata akiniuliza mwenyewe sina ruhusa ya kumjibu. Nikicheza farasi, nashinda kwa mstari mwekundu niliomchorea mimi. Nikicheza hatua mbovu makusudi, ataiona. Atainyamazia mpaka mwisho, halafu kwenye kufumua ataiweka kete palepale na kuniuliza kwa upole, Mutsuko, kwa nini hukuruka hapa? Ataniuliza mbele ya wote. Na mimi nitadanganya tena, au nitasema.

Nimejaribu kutafuta njia ya nne. Hakuna. Njia ilikuwepo tarehe nane Januari, ilikuwa ya sekunde mbili.

Amepita sasa hivi kwenye ngazi, ametoka kula. Nimebana miguu apite. Kaona naandika, hakuuliza ninaandika nini. Kasema tukimaliza tufumue polepole leo, hata tukikaa mpaka wafunge, maana kuna swali bado linamkera. "Huko Sendai sitapata mtu wa kunifumulia kwa ukweli kama wewe."

Kisha kapanda.

Kuwashima anaita. Dakika moja. Kutoka hapa kwenye ngazi namwona Mwalimu kwa mlango ulio wazi, ameshakaa. Anausogeza mto wangu karibu na jiko, nisipate baridi.